Jiwe Ndani ya Hori

Mama hajawahi kuiona maabara ya chuo chetu hapa Nyeri, lakini utafiti wangu ulizaliwa zizini kwake, Mukurweini. Ng'ombe wake alikuwa na tabia mbaya ya kuchapa maji ya hori kwa pua hadi yamwagike, basi mama akatia jiwe bapa katikati. Wimbi likifika juu ya jiwe, penye kina kifupi, linapunguza mwendo, na sehemu yake inarudi ilikotoka. Nilisimama na ndoo ya maziwa nikacheka peke yangu.

Maana elektroni ndani ya transista ndogo kabisa, ndogo kuliko chembe ya unga, husukumana vivyo hivyo. Zinafanya wimbi lenye kasi ya ajabu, hadi kwenye terahetzi, yaani mitetemo trilioni kwa sekunde, kupita redio yoyote. Shida ni kulitawala kabla halijafa. Nikaona niligawe mara mbili lango la transista, ile sehemu inayoongoza elektroni, upande mmoja nipunguze umeme ili elektroni ziwe chache. Hilo ndilo lingekuwa jiwe langu.

Nilimweleza mtu mmoja tu, mwenzangu wa meza moja maabara. Nikampeleka hata nyumbani. Akala mukimo wa mama, akapiga hori picha, akauliza maswali kwa heshima. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimkaribisha mwenyewe!

Nafasi ya kwenda ng'ambo kuitengeneza transista na kuipima ilikuwa moja. Siku ya kujieleza mbele ya walimu, alitangulia yeye. Picha ya kwanza ukutani: hori letu.

"Wazo hili nililipata kwa zizi ya mama yangu," akasema.

Mama yake! Mtu aliyezaliwa ghorofani Nanyuki, hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe! Zamu yangu ilipofika, nikaonekana mimi ndiye mwizi. Shenzi kabisa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nafasi akaipata. Jumamosi nikaenda kumwambia mama, lakini akaniwahi mlangoni, uso umejaa furaha.

"Ule rafiki yako ako na adabu, wewe! Asubuhi ya hiyo siku alinipigia simu, ati, 'Mama niombee, leo niko na intavyuu.' Nikapiga magoti hapa jikoni."

"Na mimi, mama?"

"Wewe si hukupiga? Nikajua uko sawa. Sasa niambie, alipita?"

"Alipita."

Akainua mikono yote miwili, akamshukuru Mungu.