Kamera Aliyoichagua Mama

Mama alipostaafu, baada ya miaka mingi ya kuzalisha wanawake katika kituo cha afya cha komini ya Tshopo, sehemu yetu ya mji, alinitangazia kwamba anataka kamera. Mimi ndiye mpiga picha wa familia. Harusi na ubatizo ndivyo vinavyonilisha. Nikamwambia simu yake inatosha.

"Simu iko ya kunisumbua," akasema. "Nikitaka kupiga foto, watu wanaita. Mimi nataka kitu ya kupiga foto tu."

Tukaenda katikati ya mji, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo. Alikuwa na kamera mbili ndogo za kisasa, zile ambazo hazina kioo cha ndani kinachoruka kila unapobonyeza, lakini bado unaweza kuzibadilishia lenzi. Zote mbili zilikuwa karibu nusu ya uzito wa kamera yangu ya kazi.

"Mama, kamata hii," mwenye duka akasema, akimpa ile yenye lenzi ndefu. "Iko na nguvu. Inavuta mpaka ng'ambo ya mto."

Nami nilikuwa upande wake. Niliisifu kwa maneno ya ufundi: inakamata sura haraka, video zake ni safi, vitufe vyake vimepangwa vizuri. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza madaktari vijana.

"Bon, tutoke kwanza inje," akasema.

Nje jua lilikuwa kali. Skrini ya ile kamera ikawa nyeusi, hatukuona kitu. Lenzi ndefu ikaiinamisha mbele, na niliona mama akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Kifundo cha mkono ule kinamuuma tangu siku zake za kazi. Nilikuwa nikijua, na sikukumbuka hata kidogo nilipokuwa nikisifu.

Ya pili ilikuwa na lenzi fupi na tundu la kuchungulia. Mama akaweka jicho, kisha akacheka.

"Naona! Naona ule mama wa kuuza majani ya pondu mpaka kwenye pete yake!"

Nilimweleza na kasoro zake, maana zilikuwepo: betri inaisha upesi, lenzi ile haivuti vitu vya mbali, na joto la kwetu na unyevu wake linaweza kuotesha ukungu ndani ya vioo. Akaitikia kila moja, kisha akaomba kujaribu kubadilisha lenzi mwenyewe. Nilikinga mikono chini yake; nimeona vijana wa kazi yetu wakikwaruza vifaa kwa pupa. Yeye aligeuza mdomo wa kamera chini vumbi lisiingie, akabonyeza, akazungusha polepole bila kutumia nguvu, mpaka lenzi ikamlegea mkononi.

Mwenye duka akamtazama. "Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa napokea batoto."

Tukarudi nyumbani na ile ya pili.

Miezi kadhaa baadaye niliajiriwa kupiga picha za harusi ya msichana ambaye mama alimpokea mwenyewe siku alipozaliwa, kwa hiyo mama naye alialikwa. Mimi nilikuwa mbele kanisani, na kila nilipobonyeza, kamera yangu iligonga kwa sauti, watu wakageuka na kujiweka sawa. Mama alikaa benchi la tatu na kamera yake isiyotoa sauti. Nyanya yake bwana arusi, mzee asiyependa kabisa kupigwa picha, alikuwa kando yake. Bibi arusi alipopita, yule mzee alinyoosha mkono akagusa shela kwa vidole viwili. Mimi sikuona. Mama aliona.

Familia ilipokuja kuchagua picha ya kukuza na kutundika sebuleni, niliwapangia kazi zangu mezani, na pembeni nikaweka ile moja ya mama, ya vidole viwili kwenye shela. Baba wa bibi arusi alizipita zangu zote.

"Hii hapa," akasema. "Tonton yangu, ule ndugu ya papa yangu, mwenye aliniambia uko fundi hakudanganya."

"Hiyo si yangu, papa. Aliipiga mama."

"Mama yako? Ule mukunga?"

"Ndiyo," nikasema, na nikajisikia mrefu kuliko siku zote nilizowahi kusifiwa kwa kazi yangu mwenyewe. "Na kamera aliichagua mwenyewe."