Siku Mama Mdogo Alipofunua Uso

Ipo harufu moja ambayo hata leo, nami ni bibi mwenye wajukuu, ikinipita puani moyo hunidunda. Ni harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa kali. Aliyewahi kuketi karibu na mpiga picha za video harusini anaijua: taa ikiwaka muda mrefu hutoa joto kama la pasi, na vumbi lililotua juu yake huungua polepole. Wenzangu hapo hutengeneza mitandio yao ili watoke vizuri. Mimi huinamisha kichwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua nyuma, sisi na wapangaji. Baba aliendesha winchi bandarini. Mama alikuwa bingwa wa foleni: sukari ikisikika imeingia duka la ushirika, yeye yuko mbele. Wote wawili walikuwa watu wa Lindi, kama nusu ya mtaa wetu.

Mwaka ule alikuja Mama Mdogo Hadija, mdogo wake mama. Alikuja kwa meli kutoka Lindi, baba akampokea gatini na kumleta nyumbani amejifunika buibui mpaka machoni. Alikuwa amemtoroka mumewe. Babu alimwoza bila kumuuliza, kwa mtu mzima mwenye wake wawili tayari, na mwaka haujapita vizuri akaondoka na kanga zake mbili kama anayekwenda kisimani.

Mumewe, Bwana Bakari, aliandika barua kuulizia. Baba akajibu kwa mkono wake mwenyewe: hatujamwona. Baada ya barua ile hatukuwa na pa kurudia. Mama Mdogo akawekwa katika chumba cha stoo, uani, chenye tundu dogo la hewa karibu na paa, na sisi sote tukaingia naye kwenye uongo.

Wapangaji waliambiwa ni Zuhura, jamaa wa baba, mgonjwa wa macho asiyetakiwa kuona jua. Balozi wa nyumba kumi naye akaambiwa hivyo hivyo, akaandika katika daftari lake kwa huruma. Watu waliamini, tena waliamini kupita kiasi. Kila mpangaji alikuwa na dawa yake. Huyu alileta asali, yule maji ya zamzamu, wa tatu majani aliyoyatwanga mwenyewe, na Mama Mdogo, ambaye angeweza kutunga uzi kwenye sindano gizani, alitiwa asali machoni huku akishukuru. Wakishatoka tulicheka naye huku tumeziba midomo.

Kicheko hicho kilipungua miezi ilivyokwenda. Alichambua mchele wetu, alishona sare zangu, alinisuka. Nikirudi shule nilimkuta ameegemea ukuta chini ya lile tundu, anasikiliza mtaa.

"Leo kuna nini nje?" ananiuliza.

Namsimulia mkokoteni uliopinduka, machungwa yakasambaa barabara nzima. Naye ananitaka nirudie, hasa pale watu walipokimbilia.

Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Dada, nifike hata pale kwenye kona tu."

"Akikuona mtu mmoja wa Lindi, mume wangu ataitwa mwongo," mama akajibu. "Vumilia, mdogo wangu. Tunakutunza."

Mama Mdogo akarudi kuketi chini ya lile tundu.

Kisha kikaja kikundi cha sarakasi. Shuleni tuligawiwa karatasi za kuingilia ukumbini, upande wa Mnazi Mmoja, kila mtoto na mtu mzima wake. Siku yenyewe ilipofika, Jumamosi, baba alikuwa zamu na mama aliitwa msibani Temeke tangu asubuhi. Nililia uani mpaka sauti ikakauka. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mama Mdogo alikuwa ameshavaa buibui.

"Nawa uso," akasema. "Nitakupeleka mimi. Usimwambie mtu."

Njiani alinishika mkono kwa nguvu hata vidole viliniuma, akitembea kama aliyetoka kuugua. Ukumbini kulijaa watoto, jasho na karanga za kukaanga. Vijana waliruka, wakapandiana mabegani, msichana mmoja akazungusha sahani juu ya vijiti. Nyuma ya buibui nilimsikia Mama Mdogo akivuta pumzi kila sahani ilipoyumba.

Walikuwapo pia watu wa sinema, wana mashine juu ya miguu mitatu na taa mbili kubwa. Bwana mmoja alitangaza kwa kipaza sauti kwamba tusiikodolee macho mashine, tushangilie tu kama kawaida, kwa sababu picha zile zitatembezwa na gari la sinema ili wenzetu wa mikoani, kuanzia kusini, nao waone. Mimi hayo sikuyajali. Nilitaka taa inimulike. Nilipanda juu ya kiti na kupunga mikono yote miwili.

Taa ikageuka. Joto lake lilitupiga usoni pamoja na ile harufu. Nikageuka kumtazama Mama Mdogo, nikaona amefunua uso, anacheka, meno yote nje. Akaninyanyua, akanibeba kiunoni mwake, akakaa hivyo, bila kujificha, mpaka taa ilipohama.

Tulirudi nyumbani kabla ya mama. Sikumwambia mtu.

Masika yalipita. Jioni moja, kabla ya magharibi, nilikuwa nafagia mbele ya nyumba nikasikia hodi. Alisimama mwanamume mrefu mwenye kanzu iliyochakaa na kikapu cha safari.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akainama, akanitazama kwa muda mrefu. "Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyebebwa."

Nilitaka kukimbia ndani, lakini kukimbia ndani ni kumwonyesha njia. Nilisimama na ufagio wangu, yeye akanipita taratibu.

Baba alikuwa koridoni, karibu na mlango, akibadilisha nguo za kazi. Bwana Bakari akamsalimia, akamwita mwanyumba, kama waitanavyo wanaume waliooa ndugu. Kisha akatoa barua mfukoni na kuikunjua.

"Mwandiko wako huu, mwanyumba?"

Baba aliitazama barua, akarudi kufunga vifungo vya shati lake.

"Hayupo hapa," mama akadakia. "Nani kakudanganya?"

"Hakuna aliyenidanganya. Gari la sinema lilikuja kijijini. Wakaonyesha pamba, wakaonyesha ng'ombe, wakaonyesha sarakasi. Watu wakapiga kelele, 'Bakari, mkeo huyo!' Kijiji kizima, shemeji. Hadija na mtoto huyu."

Mama alinigeukia. Macho yale sitayasahau.

Ndipo Mama Mdogo alipotokea kwenye korido, uso wazi, jua halijazama, mbele ya wapangaji wote.

"Sirudi," akasema kwa upole. "Ungeniuliza tangu mwanzo, ningekwambia siku hiyo hiyo."

Bwana Bakari alikaa kwenye benchi. Akaomba maji, akanywa yote.

"Nimekuona unacheka," akasema mwishowe. "Kwangu hukucheka hata siku moja. Nimefikiri hilo njia nzima."

Alilala kwa jamaa yake siku tatu. Siku hizo nyumba yetu ilikuwa kama kifuniko kimewekwa juu yake. Baba hakula, wapangaji hawakutusemesha, mama hakunitaja jina. Siku ya nne, mbele ya shehe wa mtaa, Bwana Bakari akatoa talaka, akampa baba mkono, akaenda zake gatini.

Mama Mdogo alipata kazi kiwanda cha nguo, akapanga chumba Mchikichini. Nami nilikua nikiamini kwamba siku ile nilimponza, kwamba furaha ilimsahaulisha kujifunika na bahati tu ndiyo iliyomwokoa. Nilipokuwa mtu mzima nikamwomba radhi.

Alicheka. "Nisahau? Nilimsikia yule bwana wa kipaza sauti, wewe! Kuandika sijui, na kila barua ilipitia kwa baba yako. Ningemfikishiaje Bakari neno? Yeye ningeweza kumkatalia usoni. Nyie mlinifungia kwa mapenzi. Mtu anayekupenda utamwambiaje akufungulie?"

Kuna jambo moja sijawaambia, wala yeye hakulitaja, labda kwa kunionea huruma. Stoo ile ilikuwa na komeo kwa nje. Mama aliponiamini, kazi ya kulifunga kila asubuhi ikawa yangu, ili mpangaji yeyote asije akaingia kwa bahati mbaya. Siku ile ya sarakasi tu, kwa vilio vyangu, nilikuwa sijalifunga. Siku nyingine zote nilikisukuma chuma kile taratibu kisimuumize masikio, nikaenda zangu shule nikijiona mtoto mwema kuliko wote.