Usiku Niliomba Bundi Asije

Shangazi yangu alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na tangu hapo kazi yake ni ndege. Jumamosi moja alinikokota, mimi mwoga, tupande milima ya mawe ya Ilemela, juu kidogo ya mtaa anaoishi. Mchana ulikwenda vizuri. Tulipokezana darubini, tukawatazama mnandi wakikausha mabawa kwenye majabali ya ziwani, tukala viazi vya kuchemsha. Nikadhani tumemaliza. Kumbe alikuwa anangoja giza, apate kumwona bundi.

Nilimkatalia. Shangazi ana macho mekundu, ya moshi wa kuni wa miaka mingi, na anaishi peke yake. Huku kwetu wapo vikongwe waliouawa, wakiitwa wachawi, kwa macho ya namna hiyo tu. Sasa akutwe usiku, kwenye mawe, na bundi juu yake?

"Mwanangu, nusu ya mtaa huu nimewafundisha mimi," alisema. "Washa simu."

Kwenye simu kulikuwa na mlio wa bundi aliourekodi mwenyewe. Ukiucheza, bundi mwenye eneo lake huja kuona nani kaingia. Niliucheza tena na tena, nimekumbatia magoti, nikimwomba Mungu amlete upesi twende zetu. Hakuja. Walikuja sungusungu, walinzi wa mtaa.

Kwanza tulisikia filimbi, halafu tukaona tochi zikipanda kutoka kwenye nyumba za chini, kisha wanaume wenye fimbo, na mmoja alikuwa na panga. Tochi zote ziliishia usoni mwa shangazi. Hakuna aliyemwamkia. Hapo nikajisogeza karibu naye, maana huku kwetu hata mliyegombana naye atamwamkia mzazi wako.

"Bundi analia hapa tangu jioni," alisema kiongozi wao. "Nani anamwita?"

"Ni simu tu, kaka," nilidakia. "Sisi tunaangalia ndege."

"Icheze tuone."

Nilikosea namba ya siri mara mbili. Bundi akiitikia sasa, akatua kwenye jiwe mbele yao, yamekwisha: watasema amemtii bibi mwenye macho mekundu. Nikabonyeza. Yule niliyekuwa namwomba Mungu amlete, sasa nilimwomba amzuie. Shangazi alinishika mkono, na wake ulikuwa wa baridi.

Simu ililia, ikanyamaza. Kule chini mbwa alibweka. Kitu kingine hakikusikika.

Kiongozi alishusha tochi. "Haya, shukeni. Wewe bibi, unaishi wapi?"

Nilitaka kudanganya. Shangazi, mwalimu mpaka mwisho, alinyoosha kidole. "Ile yenye taa ya bluu."

Waliitazama nyumba ile muda mrefu.

Sikurudi kwangu Nyegezi. Nililala kwake, kama kule ni kulala, nikisikiliza kila hatua njiani. Karibu na alfajiri bundi alilia, karibu kabisa, kwenye mpapai wa uani. Kisha nikasikia komeo la mlango. Nilitoka mbio, nikamkuta shangazi amejitanda khanga, machozi yanamtoka, anaokota mawe na kumrushia yule ndege. Alimfukuza kwa kunong'ona, majirani wasisikie.

"Toka," alimwambia. "Toka, mwanangu, toka."