Kuingiza Mbuzi wa Cucu

Kuna duka la vifaa hapa Thika ambalo huning'iniza kamba za katani mlangoni, na mvua ikinyesha kamba hizo huloa na kutoa harufu kali, chachu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Mimi hupita upande wa pili wa barabara. Watu wa nyumbani hunicheka, nami nacheka nao, lakini sivuki. Ukiwa na subira nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa msichana mdogo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, miaka ya hamsini, tulipotolewa kwenye boma letu na kuingizwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Ruiru, karibu na mashamba ya kahawa. Nyumba zetu za zamani zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, na baba akapandishwa lori lililoelekea Thika. Tukabaki mama, mimi, na mama mzazi wa baba, niliyemwita Cucu, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao.

Akili ya Cucu ilikuwa imeanza kumtoka hata kabla hatujahama. Kule kijijini ikaondoka mbio. Alisahau jina langu, akasahau kama amekula, na la kushangaza zaidi, hakumtaja baba hata mara moja, kana kwamba hakuwahi kumzaa. Asubuhi alikuwa mpole. Taabu ilianza jua likishuka, aliposimama ghafla, akajifunga shuka vizuri na kusema anaenda nyumbani kuingiza mbuzi. Nyumbani kwenyewe kulikuwa ng'ambo ya handaki. Filimbi ya kafyu ikilia, daraja la mbao liliondolewa, na homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali watulinde, waliokaa juu ya mnara waliruhusiwa kumpiga risasi yeyote aliyeonekana nje. Hawangeuliza kama ni ajuza.

Basi mama akatafuta njia ya kumshughulisha. Mchana alimpa ungo wenye mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, ayatenge. Cucu alitenga kwa bidii, na akisinzia, mama aliyachanganya tena.

"Watu wa hii kijiji hata maharagwe hawajui kuchagua," Cucu alilalamika akiamka, kisha akaanza upya, ameridhika kabisa kwamba bila yeye tungekufa njaa.

Jioni, hata hivyo, maharagwe hayakumshika. Ndipo mama aliposimika vijiti nyuma ya nyumba, akatengeneza zizi dogo, akafunga kamba ya katani kwenye kijiti kimoja na kumwita, "Maitu, mbuzi wanarudi. Kuja uwaangalie wakiingia." Maitu ni mama, ndivyo alivyomwita mama mkwe wake. Cucu akaja, akasimama penye mwanya wa kuingilia, akawapokea mmoja mmoja: huyu mwenye doa shingoni, huyu wa pembe moja, huyu mama wa mapacha. Alimgusa kila mmoja mgongoni, mkono ukipita hewani kwa kimo kile kile, juu kidogo ya goti. Kazi yangu ilikuwa kuwaswaga kwa nyuma na kijiti. Wakishaingia wote, Cucu alirudi ndani na kula vizuri, na usiku tukalala.

Jirani yetu mmoja alichungulia, akaenda kuwaambia wenzake mtoni kwamba nyumba yetu sasa imejaa wendawazimu. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikaanza kuogopa, maana nilijikuta nikiwapisha njia mbuzi wasiokuwepo. Kuku wa jirani, walioingia hata kwenye sufuria za watu, hawakukanyaga ndani ya vile vijiti. Na jioni za mvua, naapa, harufu ya beberu ilikuwa pale. Mama alisema ni kamba imeloa. Nilitaka sana iwe kamba.

Siku moja wanawake walicheleweshwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki, jua likaanza kushuka mama hajarudi. Cucu akasimama. Nikachukua kijiti upesi, nikaingiza mbuzi peke yangu, nikiwaita kama mama alivyowaita. Cucu aliwagusa wote, lakini hakurudi ndani.

"Bado mmoja," akasema.

"Wameisha, Cucu. Wote wameingia."

"Kwani mimi siwajui wangu? Kuna mmoja ako huko nje. Na anaona baridi."

Akaanza kutembea kuelekea handakini. Nilivuta shuka lake, nikalia, nikamwambia watampiga risasi. Alikuwa na nguvu kunishinda. Juu ya mnara nilimwona homugadi akigeuka, filimbi mkononi. Nikakimbia nikafungua ile kamba, nikampita Cucu, kisha nikageuka na kumjia kutoka upande wa handaki, nikiiburuta nyuma yangu.

"Cucu! Nimempata! Huyu hapa!"

Akasimama. Akaja karibu, nami nikangoja ainame amguse mgongo. Hakuinama. Mkono wake ulipita juu ya kamba, ukapita juu ya kichwa changu, ukatua huko juu nyuma yangu, ukapapasa taratibu.

"Umekonda," akasema.

Kamba niliyoishika, ambayo nilijua haina kitu mwishoni, ilikaza. Sikugeuka. Cucu aliichukua mkononi mwangu, akatembea nayo polepole hadi zizini, na filimbi ikalia tukiwa tumeshafika.

Mama alipofika mbio na jembe lake, alimkuta Cucu ameketi penye mwanya, ametulia. Nilimwambia tu kwamba mbuzi mmoja alipotea nikamrudisha. Habari ya ule mkono sikuisema, kwa kuwa mbuzi mwenye kimo hicho niliogopa hata kumtaja. Tangu siku hiyo Cucu hakutaka tena kwenda nje. Alitenga maharagwe yake mpaka alipofariki, mwaka uliofuata. Baba hakurudi. Tuliambiwa alikufa kizuizini, na kaburi hatukuonyeshwa.

Miaka mingi baadaye, mama mwenyewe amezeeka na anaishi nami hapa Thika, tulikuwa tunamenya njegere barazani mvua ikinyesha, nikamsimulia yote. Nilikuwa nimeshaelewa kufikia hapo. Cucu alisahau jina la mwanawe, uso wake, hata kwamba alikuwa na mwana. Kilichokataa kumtoka ni kwamba mmoja wa walio wake yuko nje gizani. Mama alisikiliza bila kuinua macho.

"Alimshika wapi?" akauliza.

Nikasimama, nikamwonyesha kwa mkono. Mama akaweka njegere chini, akainuka kwa shida, akanyoosha kiganja chake hadi pale pale nilipoonyesha, akakiacha hewani.

"Na alimwingiza ndani?"

"Ndiyo, Mama. Alimwingiza."