Nilimtuma mdogo wangu akamlinde, sasa rafiki yangu ananitaja mimi

Huyu ni mwenzetu wa Katavi. Majina ameyabadili mwenyewe. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamshushia maneno.

Admin, ukiposti usiache hata herufi ya jina langu, Mpanda yenyewe ni ndogo na ninaowasema wote wana simu. Nina miaka 34, watoto watatu, mkulima, nakaa upande wa Magamba. Mdomo wangu ni mkali, nakubali, ila sijawahi kumtakia mtu damu.

Nina rafiki, nimwite Mama Shukuru. Wazazi wake walitoka Burundi, wangu ni Wafipa, tulikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Mume wake alifariki akamwachia watoto wawili na maksai wawili wa kulimia, Kamanda na Sukari. Analima kwake, analimia na majirani, watoto wanakula. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayemshikia plau kila msimu, kwa hiyo wale ng'ombe wanamjua vizuri sana.

Shemeji yake Mama Shukuru ndiye hulala pale kulinda zizi. Wiki tatu zilizopita shemeji alikwenda msibani Kasekese. Jioni Mama Shukuru akanipigia: "Mwenzangu, leo niko peke yangu na watoto, na sijamwambia mtu mwingine. Njoo tulale." Mwanangu wa mwisho alikuwa anachemka homa. Nikamwambia usijali, nitaona namna. Namna yenyewe ikawa mdogo wangu. Nikampigia, nikamwambia nenda kalale kwa Mama Shukuru, shemeji yake hayupo. Akajibu, "Sawa dada, usiwaze." Nilitaka kumjulisha Mama Shukuru ninayemtuma, simu ikazima, mtoto analia, nikapitiwa.

Alfajiri tukasikia yowe. Nimefika nimekuta zizi liko wazi, ng'ombe hakuna, na rafiki yangu yuko chini, kitenge chote damu. Alitoka na mwiko wa ugali kupambana na watu wenye mapanga! Ndivyo alivyo huyo mwanamke. Walimkata kichwani, kwenye taya na mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyekimbilia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, mimi ndiye niliyekaa naye nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo, mpaka hospitali mjini, nimemshika kichwa kisicheze.

Mdogo wangu aliniambia alipitiwa na usingizi, hakwenda. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, halafu nikamsamehe. Tangu hapo kila siku nilikuwa nampelekea mgonjwa uji, anakunywa kwa mrija maana taya lilifungwa. Ulezi wa uji alikuwa ananipa mama yangu, anapepeta mwenyewe. Na kila nikitoka wodini mdogo wangu ananipigia: "Ameshaanza kuongea?" Hata siku moja hakuuliza anaendeleaje. Mimi nikadhani ni uchungu.

Jumanne nilimletea Mama Shukuru daftari na peni ili awe anatuambia anachotaka. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zimelala: NI WEWE TU ULIYEJUA NIKO PEKE YANGU. Akageukia ukutani. Dada yake anayemuuguza akasoma, akaichukua chupa ya uji mikononi mwangu akaiweka nje ya mlango.

Jamani, iliniuma. Nimemwosha yule mtu, nimemwaga mikojo yake, leo ananiona jambazi. Nilitoka pale nikilia kwa hasira, nasema hana shukrani kabisa. Nimefika kwenye bajaji ndipo nikajiuliza, hivi ni kweli nilijua mimi tu?

Nikaenda moja kwa moja Misunkumilo kwa mama, mdogo wangu anakaa hapo. Nikamkuta anakula. Nikamwambia, "Kamanda mgeni hamsogelei, angeamsha kijiji kizima. Nani alimtoa?" Tonge likabaki mkononi. Akasema, "Dada, walisema ng'ombe tu. Mimi nilifungua zizi nikawaswaga mpaka barabarani. Sikujua kama wenzangu watamkata."

Nikageuka kwa mama, nikijua ataanguka chini kwa mshtuko. Mama alikuwa anakoroga mboga, na aliendelea kukoroga. Alikuwa anajua! Siku zote zile ananipimia ulezi, ananiambia mpe pole, alikuwa anajua. Akasema bila kuniangalia, "Mmoja yuko kitandani, unataka wa pili aozee gerezani? Tena aliyempa habari ni wewe. Ukimtaja umejitaja."

Niliyembeba mgongoni kanitumia, aliyenizaa kanificha, na rafiki yangu wa maisha ananiona muuaji. Sijui nimlilie nani kwanza.

Sasa taya limeanza kufunguka, na askari wamesema Jumatatu wanakuja kuchukua maelezo yake. Atataja jina langu, na kwa anavyojua yeye, atakuwa anasema ukweli. Nikinyamaza naweza kuondoka mimi kwenda jela, niache watoto watatu. Nikisema, anaondoka mdogo wangu, na mama ameapa hata siku akifa nisikanyage msibani kwake. Na kuna kingine kinachoninyima usingizi kuliko polisi: Mama Shukuru akijua kwamba mwizi nilimtuma mimi mwenyewe nikidhani namtumia mlinzi, ataniangalia tena?

Mnaotaka kuniandikia "mwachie Mungu" piteni tu, nimeshamwambia na Jumatatu iko palepale. Wenye busara nishikeni mkono. Niende kituoni kabla yao, au nianze kitandani kwa Mama Shukuru, asikie kwangu? Leo nimechemsha uji tena, ulezi nimenunua sokoni. Chupa iko hapa mezani na bado sijainuka. Nishaurini, nifanye nini?