Shuka Juu ya Mwamba

Tangu Jumamosi sipiti mtaa wa Kiwanjani mchana. Tulikuwa tukijifunza kuongoza wageni wanaopanda miamba, na mimi, kwa kujionyesha, nikavaa mikanda ya usalama juu ya shuka niliyojifunga kiunoni. Mwalimu wetu, Murithi, alikuwa ametufundisha kutandika kitambaa ukingoni ili jiwe lisikate kamba. Nikabaki juu peke yangu. Murithi akaita kutoka chini, “Ekai, shuka.”

Nikaangalia kamba, kweli inasuguana na jiwe. Nikaichomoa shuka yangu, nikaitandika.

“Ekai, shuka bwana.”

“Nimeshaweka, mwalimu.”

“Nimesema uteremke.”

Nikateremka na chupi na mikanda, mbele ya akina mama wa Kiwanjani wanaouza shanga chini ya mwamba. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu hata usoni hatutazamani.