Bisimwa, aliyegeuza ng'ombe wa mahari kuwa mpira

Tangu asubuhi watu wananiandikia pole, na mimi nazisoma kama habari ya mtu mwingine. Bisimwa ametutoka, hapa hapa Bukavu. Nimeandika, lakini kichwa kinakataa.

Vijana mnaonifuata hapa hamkumjua. Miaka ile ya Zaïre alikuwa winga wetu wa kushoto, mimi nikiwa kipa. Mabeki walikuwa wanamwona akija, halafu wanamwona ameshapita.

Kisha goti likavunjika. Daktari akamwambia mpira basi.

Alikuwa na mchumba, Furaha, binti wa Nyangezi. Alikuwa pia na ng'ombe mmoja, aliyeachiwa na marehemu baba yake kwa ajili ya mahari. Kwetu Bushi mnajua wenyewe, bila ng'ombe hakuna ndoa.

Bisimwa akamchinja. Nyama akaiuza, akanunua sindano na nyuzi. Ngozi akailainisha, akashona mipira. Nilishika kichwa. Mtu gani anachinja ndoa yake?

Siku hizo mpira wa ngozi ukinyeshewa na mvua yetu ulikuwa unakunywa maji mpaka unavunja vidole vya kipa. Yeye wake aliupaka mafuta ya ng'ombe yule yule, mshono kwa mshono.

Baba yake Furaha aliposikia, akasema harusi hakuna. Bisimwa akamwomba jambo moja tu: aje atazame mechi, Jumapili baada ya misa, palepale Nyangezi.

Mvua ilishuka kipindi cha pili. Mzee alikuwa kando ya uwanja na jani la mgomba kichwani, amenuna kabisa. Mimi golini nilikuwa nasubiri ule mpira wa Bisimwa uanze kuwa mzito. Haukuwa mzito. Uliruka kama vile jua linawaka, na mpaka leo mikono yangu inaukumbuka.

Mzee akaingia uwanjani watu wakiwa wanacheza. Hata refa hakuthubutu kumzuia. Akauokota ule mpira, akauminya, akaunusa.

"Hii njo ngombe ya mutoto wangu?"

"Njo yeye, Papa," Bisimwa akajibu.

Akauangalia sana. "Iko nakimbia kupita wakati ilikuwa muzima. Kuya na bazee ya kwenu, tuongee."

Kuanzia siku hiyo sikuacha kumshangaa mtu huyu. Akafungua atelie, karakana yake ya kushonea, mtaa wa Kadutu. Akaanza na mipira, akaongeza viatu, akaongeza jezi, na malori ya kwenda Bunyakiri yakawa yanabeba mizigo yake. Hakuna mpira uliotoka pale kabla ya kulala ndani ya beseni la maji.

Na washonaji wake walikuwa wachezaji walioumia, wale ambao timu zilishawasahau. Lakini kazi mbovu isiyomfaa mteja alikuwa anaifumua mbele yako. "Kliyan hanunue huruma," anakuambia, "ananunua mupira."

Mimi nilipoacha kucheza sikujua kufanya kitu chochote. Niliogopa sana. Akanitumia neno: "Mikono ya kipa iko mikono ya kazi. Kuya." Watoto wangu wamesoma kwa mikono hiyo.

Leo nimefika kwake. Furaha ameketi na wamama, sauti imemkauka. Ameniita pembeni. "Papa Amani, kesho atelie nani atafungua?"

Nimemwambia ni mimi.

Haya, winga wangu, lala sasa, Mungu akulinde. Ufunguo ninao.